Alhamisi za Kinyozi Hiyo

Jumatatu, 26 Februari 1962

Nimenunua daftari la shule, jalada la kijani. Muuzaji aliuliza kama ni la mjukuu wangu, nikasema ndiyo. Sina mjukuu.

Kuna mtu nataka kumjua. Jina lake silijui, ila najua yuko hapa hapa mtaani kwetu Samarkand, anasali nasi, na pengine amewahi kula mezani kwangu. Mwaka jana, siku nne kabla ya Pasaka, wanaume watatu wenye makoti ya ngozi waliingia katika ua wa marehemu baba yake jirani yangu Mazol wakaenda moja kwa moja hadi banda la kuni. Hawakuuliza, hawakupekua. Walisogeza kuni wakatoa magunia yote ya unga tuliyoyaficha kwa ajili ya mikate ya Pasaka isiyo na chachu, ambayo serikali inaikataza. Kaka yangu Pinhas walimkuta amesimama peke yake, ufagio mkononi. Akafungwa miaka miwili kwa magendo. Mke wake alishafariki, mtoto hana. Wa kumlilia ni mimi tu.

Tuliojua unga ulipo tulikuwa tisa, wote wa sinagogi letu. Basi mmoja wetu alisema.

Mwaka huu Pasaka inaingia tarehe kumi na nane Aprili, jioni. Nitaandika kila ninachokiona mpaka nimpate. Naandika kwa herufi zetu za Kiebrania, na daftari litalala katikati ya magodoro ya wageni, la tatu kutoka chini.

Ijumaa, 2 Machi

Mvua. Kiwandani tumeshona kola mia mbili. Sijaona kitu.

Jumapili, 4 Machi

Baada ya sala ya asubuhi Mullo Abo alituita uani, wanaume na wanawake. Ndiye mwalimu wetu wa dini, ana miaka sabini na minane na sauti iliyobaki nusu. Akauliza, "Mwaka huu tunaoka, au tunaogopa?"

Mazol, ambaye nimekua naye nyumba kwa nyumba, akasema kwa sauti yake ya sokoni huku akininyooshea kidole, "Tusipooka tutakula nini, Mullo? Kola za Bahmal?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nazisoma nyuso. Na mwingine ambaye hakucheka ni kinyozi wetu, jina lake Hiyo. Alikuwa anaizungusha kofia yake vidoleni, macho chini.

Huyu Hiyo ndiye mwenye funguo za sinagogi. Mguu wake wa kushoto haukunjiki tangu vita. Duka lake liko pembeni ya bafu la mtaa, na hakuna mwanamume wa kwetu ambaye hajalaza koo lake chini ya wembe wake. Mtu akiwa amelala vile, povu mashavuni, husema mengi. Sijui kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Jumatano, 7 Machi

Mazol ana viatu vipya vya mpira, vile vya kuvalia juu ya viatu siku za matope. Vinang'aa. Anadai mwanawe amemtumia kutoka Tashkent. Mwanawe huyo hata barua hatumi.

Alhamisi, 8 Machi

Sikukuu ya Wanawake. Msimamizi alitupa ua moja moja na ruhusa ya kutoka mapema. Nikapitia duka la dawa kutafuta ya mgongo. Jirani na duka hilo kuna mlango wa kijani usio na kibao, wa ofisi ya wale wenye makoti ya ngozi. Kila mtu anaujua mlango ule na kila mtu anajifanya haujui. Saa tisa na dakika kumi ulifunguka akatoka Hiyo. Alivaa kofia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika njia akiuburuta mguu wake.

Dawa sikununua.

Ijumaa, 9 Machi

Mwanawe Mazol kafika mwenyewe kutoka Tashkent, kanenepa, kaleta na viatu vingine vya baba yake. Namwomba Mazol radhi moyoni.

Alhamisi, 15 Machi

Nilimwambia msimamizi jino linaniuma. Saa nane nikasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mwanamke anayeuza mbegu za alizeti. Hiyo alikuja saa nane na nusu, hakubisha hodi, akaingia kama mtu anayeingia kwake. Akakaa dakika arobaini. Nimekula mbegu mpaka ulimi umevimba.

Sasa najua. Ila kujua peke yangu hakutoshi. Nataka aumbuke.

Jumanne, 20 Machi

Sikukuu ya Purimu. Miaprikoti yote ya mtaa imechanua na mvua inayaangusha maua kwenye matope. Mullo alisoma kitabu cha Esta, na kila alipotaja jina la adui yetu Hamani watoto walipiga miguu sakafuni na wanaume wakagonga viti. Mimi nilipiga mguu huku nimemkazia macho Hiyo. Alikuwa anawagawia watoto peremende. Mmoja alimpandia begani akamvuta sikio, naye akacheka. Nilijiuliza mtu wa namna hii huchekaje.

Jumatano, 21 Machi

Nimemtegea.

Nilikwenda dukani kwake kunoa mkasi. Nilimkuta peke yake. Nikainama nikanong'ona kama mtu mwenye mzigo, "Kaka Hiyo, mimi nimechoka na hofu. Unga wa mwaka huu wameuweka kwangu, chini ya magodoro. Nikisikia gari nje nakosa pumzi."

Akaacha kunoa. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani? Pinhas hayupo."

Akanirudishia mkasi. Alisema, "Dada Bahmal, usimwambie mtu mwingine neno hilo. Hata mmoja." Na uso wake ulikuwa umepauka.

Kwangu hamna unga hata wa kushika kwa vidole viwili. Kesho Alhamisi ataingia mlango wa kijani. Waje. Watakuta magodoro, daftari nimelihamisha, na mimi nitakuwa nimempata.

Ijumaa, 23 Machi

Nimekaa nyumbani. Nimefagia ua mara tatu. Hawajaja.

Jumapili, 25 Machi

Hawajaja. Mtu mwerevu yule, alinusa mtego. Asiye na hatia angepauka vile kwa sababu gani?

Leo nimemwambia Mazol. Alikuwa anachambua mchele wa Pasaka, punje moja moja kama tunavyofanya, akaimwaga konzi yote iliyokuwa mkononi. "Hiyo? Hiyo huyu wa mguu?"

"Nimemwona kwa macho yangu, mara mbili."

"Mume wangu ananyolewa pale kila Ijumaa! Jamani, amemsimulia nini? Yule mume wangu akikaa kitini hata ndoto zake anasimulia!"

Nikamwambia akae na hilo neno tumboni. Akaapa kwa macho yake mawili.

Jumapili, 1 Aprili

Macho ya Mazol yamekwisha. Mtaa mzima unajua. Duka la Hiyo liko wazi na kiti kitupu. Wanaume wote wameota ndevu, mume wa Mazol anafanana na mbuzi wa marehemu shangazi yangu. Jana kwenye sala ya Sabato Hiyo alisimama mahali pake, na benchi lake lote likahama. Alisali peke yake, amekishika kitabu kwa mikono miwili.

Jana jioni, Sabato ilipokwisha, Mullo Abo alikuja kwangu kwa miguu, anakohoa. Hakukubali chai.

"Bahmal mwanangu, maneno haya ya Hiyo yametoka wapi?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha meza.

"Mwacheni Hiyo," akasema. "Nakuomba kama ningemwomba binti niliyemzaa. Mwacheni."

"Kwa nini, Mullo?"

Akashika fimbo yake akaondoka. Kwa nini mwalimu amtetee mtu kama yule? Nimeandika jina la Mullo kwenye ukurasa wa nyuma, kwa penseli. Nimeona aibu, lakini sikulifuta.

Jumatano, 4 Aprili

Mullo amelala na homa. Mvua haijakatika siku ya tatu.

Jumapili, 8 Aprili

Leo jambo limeisha.

Tulikuwa kwenye ua wa sinagogi tunaosha vyombo vya sikukuu, sufuria kubwa ya maji inatokota. Hiyo akaingia na ndoo ya makaa kama kila mwaka. Kila mmoja akaacha anachofanya. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema.

"Kaka Hiyo, Alhamisi huwa unafanya nini nyuma ya mlango wa kijani?"

Akaiweka ndoo chini polepole. Nilitegemea atakana. Nilikuwa na majibu yote tayari, saa, siku, mwanamke wa mbegu.

"Huwa naenda," akasema.

"Unaenda kufanya nini?"

"Wakiniita naenda. Ndiyo, Bahmal. Naenda."

Mume wa Mazol akatema mate chini. Mtu akasema, "Pinhas anavunja mawe kwa ajili yako!" Mwingine akasema, "Na watoto wetu ulikuwa unawapa peremende!" Hiyo aliangalia mlango wa Mullo, anayeishi hapo hapo uani, uliofungwa kwa sababu ya homa. Kisha akatoa funguo za sinagogi mfukoni, akazipanga juu ya ukingo wa kisima moja baada ya nyingine, akatoka. Tulimsikia akiburuta mguu mpaka mwisho wa kichochoro.

Mazol alinikumbatia. Wanawake wakanibusu mashavu. Zulai, ambaye tangu niwe mjane hakuwahi kunialika kwake, amenialika. Nimekula kwake pilau la karoti, nimerudi nyumbani nimejaa.

Jumanne, 10 Aprili

Duka la kinyozi limepigwa misumari. Wanasema amekwenda kwa binti yake, mji wa Kattakurgan.

Jumatano, 11 Aprili

Sijui niandike vipi. Nitaandika kwa utaratibu.

Saa kumi Mullo aliniita. Homa imemwachia, amekonda, anaketi juu ya godoro na mito mitatu mgongoni. Mbele yake kulikuwa na mabakuli mawili ya chai.

"Leo ni Jumatano," akasema. "Miaka kumi na mmoja, kila Jumatano saa kumi, Hiyo ameketi hapo ulipoketi wewe. Leo nimemngoja. Mke wangu ndipo ameniambia mliyoyafanya."

Alinieleza hivi. Miaka kumi na mmoja nyuma watu wa mlango wa kijani waliwaita wanaume watatu wa kwetu, mmoja mmoja, wakitaka mtu wa kuwaletea habari za sinagogi. Mmoja wa wale watatu alikuwa mlevi, mwingine ana deni na kila mtu. Wa tatu alikuwa Hiyo. Alikwenda kwa Mullo akilia, akamwambia ameitwa na atakataa hata wamfunge. Mullo akamwambia asikatae.

"Nilimwambia, sikio watalipata tu. Afadhali tulichague sisi. Nilimwomba, Bahmal. Hakutaka. Nilimwomba siku tatu."

Tangu hapo kila Jumatano walikuwa wanatunga pamoja ya kusema kesho yake. Nani kagombana na nani juu ya kiti. Nani anakoroma wakati wa sala. Karoti zimekuwa mbovu. "Tuliwapikia kama unavyompikia mgonjwa uji. Maji tele, unga kidogo sana, na chumvi ya ukweli ili wameze."

Nikamuuliza, "Na unga wa mwaka jana?"

"Mwenye kinu aliyemuuzia Pinhas unga alikamatwa wilaya ya pili, akataja jina lake na banda alikoupeleka. Hiyo aliling'amua kwa swali moja waliloropoka pale mlangoni. Alikuja anakimbia na mguu ule. Alimkuta Pinhas bandani. Unakumbuka siku ile kaka yako alikwambia nini?"

Nakumbuka. Aliniambia niende nyumbani, eti chungu cha maji hakijafika, na wenzangu wote niwaondoe. Nilimkasirikia. Nilimwita mzembe.

"Hiyo alimsihi atoke naye. Pinhas akasema wakikuta unga bila mtu, watatafuta mtu, na watachukua wengi. Akashika ufagio, akabaki."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikamwambia Mullo juu ya mtego wa magodoro. Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Alikuja hapa jioni ile anatetemeka. Wiki ile na wewe ulikuwemo kwenye habari. Tulisema Bahmal analalamika mgongo."

"Kwa nini hakujitetea uani? Neno moja tu!"

"Mbele ya watu thelathini? Neno hilo lingefika mlango wa kijani kabla maji yenu hayajachemka. Na mimi, mlango wangu ulikuwa umefungwa."

Niliinuka kuondoka. Akasema, si kwa hasira, "Sasa watachagua wao."

Alhamisi, 12 Aprili

Wamechagua.

Mtu alikuja kiwandani, akazungumza na msimamizi, msimamizi akaniambia nivue aproni. Nyuma ya mlango wa kijani kuna chumba kidogo, meza, jagi la maji, na mwanamume wa makamo mwenye mafua, leso mkononi. Ana adabu. Aliniuliza hali ya mgongo wangu.

"Mama Bahmal, watu wenu wanakupenda siku hizi. Umemfukuza msaliti." Akapenga makamasi. "Yule alikuwa anatuchosha. Karoti, karoti, karoti. Wewe una macho. Watakuambia kila kitu sasa."

Nikasema mimi ni mshonaji tu.

"Na una kaka," akasema. "Jalada lake liko kabatini hapo. Majalada yanaweza kusogezwa mbele, yanaweza pia kupotea. Fikiri. Njoo Alhamisi ijayo."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mullo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho. "Sitakuomba," akasema. "Nilimwomba mtu mmoja, na tazama nilichomfanyia."

Ijumaa, 13 Aprili

Nimetoka alfajiri kwa basi la kwanza na nimerudi kabla ya kuwasha taa za Sabato, kwa hiyo naandika haraka.

Hiyo nilimkuta kiwanjani kwa binti yake anapanda vitunguu. Alikuwa ameketi chini, mguu mzima ameukunja, ule mwingine ameunyoosha mbele kama mti, anasogea kwa makalio kutoka shimo hadi shimo. Aliniona, akaendelea.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuomba radhi, kaka."

"Shika hii miche. Usiibane."

Nikachutama nikawa nampa mche mmoja mmoja. Tukamaliza mstari mzima. Mwanzoni mwa mstari wa pili akasema, "Wamekuita."

"Jana."

"Yule mrefu au yule wa mafua?"

"Wa mafua."

"Afadhali. Huyo hupenda habari za magonjwa. Mpe magonjwa. Mwambie nani ana figo, nani kaanguka bafuni. Mrefu ndiye mbaya, anakaa kimya mpaka ujaze kimya mwenyewe." Akapiga udongo kwa kiganja. "Usiende mikono mitupu hata siku moja. Usiseme uongo mkubwa, sema ukweli mdogo. Na ukibanwa utaje mtu aliyesema neno la hatari, taja marehemu. Marehemu Oshir amenisaidia miaka mitano. Kila neno zito lilikuwa la Oshir, Mungu amrehemu, maana alipokuwa hai hata salamu alikuwa hasemi."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Yeye hakucheka wala hakunibembeleza.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Mwaka mzima nimemtafuta aliyemfunga Pinhas, na wewe ulikuwa unajua."

"Ningekuambia ungemwambia Mazol. Umemwambia mimi ni msaliti. Ungemwambia mimi ni mtu mwema. Yote mawili yangefika palepale." Akanyoosha mkono nimpe mche mwingine. "Na usimwambie Mazol hili. Nakujua. Utataka mtu wa kulia naye. Usimtafute."

"Rudi, kaka Hiyo. Nitasimama mbele ya watu nikuoshe jina."

"Utasemaje? Kila utakachosema kitamuua Mullo." Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Radhi utaipata, Bahmal. Si leo. Leo nina hasira na wewe mpaka kwenye meno, na jioni Sabato inaingia, sitaki kuipokea na uongo mdomoni."

Akanipa mafungu mawili ya vitunguu vya majani nimpelekee Mullo.

Jumapili, 15 Aprili

Tumeoka.

Mwaka huu hakukuwa na magunia. Kila nyumba ilileta unga wake kidogo ndani ya foronya. Tulioka kwa Saodat, jirani yetu Mwislamu, ambaye aliwaambia watu wa mtaa wake anaoka mikate ya tohara ya mjukuu. Akakaa nje ya lango na sinia la dengu, anachambua na kumsalimia kila apitaye kwa sauti ya kutufikia ndani. Akisalimia mara mbili, tunyamaze.

Ndani tulikuwa wanawake sita: mimi, Mazol, Tamoro, Zulai, na mabinti wawili wa Nerio. Saa ya ukutani ilitundikwa kwenye nguzo. Maji yakigusa unga, dakika kumi na nane, mkate uwe umeshaingia tanuri, la sivyo ni chachu na kazi imepotea. Mabinti wanakanda, Zulai na Tamoro wanasukuma, Mazol anatoboa kwa uma na kubandika ndani ya tanuri, mkono wake mwekundu hadi kiwiko. Mimi nilikuwa wa maji.

"Kumi na mbili!" Mazol anapiga kelele. "Tamoro, unasukuma mkate au unampapasa mume? Kumi na tatu!"

Kwenye donge la pili nilitazama nyuso zao. Zinatoka jasho, zimeniamini kabisa. Mkono ukaniteleza, nikamwaga nusu ya bakuli juu ya unga uliokuwa unangoja. Unga ukilowa hivyo haufai tena kwa Pasaka, tukautupa wote, na ulikuwa wa nyumba ya Zulai. Zulai hakusema kitu. Mazol ndiye aliyesema, "Bahmal anamlilia Pinhas kwa mkono, mwacheni," na wakacheka, tukaendelea. Tulimaliza saa nane mchana. Mikate mia na themanini, myembamba, ina madoa kama mikono ya Mullo.

Hakuna aliyekuja. Hakuna gari. Furaha yao ilikuwa kubwa. "Unaona," Tamoro akaniambia, "tulipomtoa yule, mambo yamenyooka."

Jumatano, 18 Aprili

Chachu imeteketezwa asubuhi. Saa kumi nimeketi kwa Mullo mbele ya bakuli la pili la chai, tukatunga ya kesho. Magonjwa manne na ugomvi mmoja juu ya kiti. Mullo alitaka karoti, nikamwambia karoti basi.

Jumapili, 22 Aprili

Siku mbili za kwanza za sikukuu na Sabato, hatuandiki. Sasa naandika.

Karamu ya Pasaka niliila kwa Mazol. Mume wake, amenyoa kwa shida na amejikata kidevu, alijitwika mikate iliyofungwa kitambaani, akazunguka meza amepinda mgongo. Tukamuuliza kama ilivyo desturi, "Unatoka wapi?" "Misri!" "Unakwenda wapi?" "Yerusalemu!" "Una nini njiani?" Akasahau jibu, akasema, "Kiu!" Tumecheka mpaka mvinyo umemwagika. Waliacha mahali pa Pinhas, na mto wake.

Alhamisi, siku ya kwanza ya Pasaka, nilikwenda kwa miguu mlango wa kijani. Nikatoa magonjwa yangu. Wa mafua akaandika, akanisogezea karatasi na kalamu niweke sahihi. Kuandika sikukuu hatuandiki. Nikasema mkono umeungua tanuri. Lo, neno tanuri! Lilinitoka lenyewe.

Akainua macho. "Tanuri gani, mama Bahmal?"

Nikakumbuka vitunguu na ule mstari wa pili. Ukweli mdogo. "Tulioka kidogo," nikasema, "kwa ajili ya wazee wasio na meno ya kutafuna mkate wa dukani."

"Mkate mkavu kwa wasio na meno." Akatabasamu. Akafungua jalada jingine, jembamba, jipya, akasoma kwa kidole. "Na unga uliomwagiwa maji? Mliutupa wapi? Ulikuwa wa nani, wa Zulai?"

Nikatazama jagi la maji.

"Ulidhani tuna wewe tu?" akasema, karibu kwa upole. "Mwaka huu hatukuhitaji unga. Tulitaka kuona kama utasema. Umesema nusu. Kwa mara ya kwanza si mbaya." Kuhusu Pinhas alisema jalada litasogezwa, hakusema lini.

Nimerudi kwa njia ndefu, kando ya makaburi. Siku ile ya kuoka Saodat alikuwa nje ya lango, hakuona. Ndani tulikuwa sita.

Ijumaa, 27 Aprili

Jana sikukuu ilikwisha. Na jana ilikuwa Alhamisi, nilikwenda, nikasema figo na baridi yabisi, nikatoka. Mrefu hakuwepo.

Wiki nzima nimewapima wale watano. Tamoro mume wake amepata kazi bohari. Zulai alinyamaza unga wake ulipotupwa, na Zulai si mtu wa kunyamaza. Mabinti wa Nerio wanataka kusoma chuo, na chuo kinahitaji barua. Mazol, mwanawe wa Tashkent amenenepa na ana cheo. Nimeandika majina matano kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya jina la Mullo, na leo asubuhi nikaanza kuchora mistari, nani alikuwa wapi Jumatatu, nani alichelewa Jumanne. Nikajua kwamba nikitulia nitampata kwa wiki mbili. Nina macho, yule wa mafua hakukosea.

Halafu nikafikiria huyo aliyesema huwa anaketi na nani kila Jumatano, kama naye ana mtu. Nikafikiria walimshika kwa kitu gani, kwa jalada la nani. Nikachana ukurasa wa nyuma nikautia jikoni chini ya birika.

Mazol yuko uani kwangu. Ametoa mkate wa kwanza wenye chachu tangu sikukuu, mviringo, una mbegu nyeusi juu, harufu imeingia mpaka huku ndani. Anaita, "Bahmal! Unafanya nini humo, unataga? Mkate unapoa!"

Namwambia nakuja.

"Njoo basi, nina jambo nataka kukuambia, na usimwambie mtu!"

Nimeogopa, na nakwenda.